Ulaya ipi hiyo? Schengen, yuro, Umoja wa Ulaya na mkanganyiko wake

Ukikaa huku, swali la ndugu wa nyumbani linalokufuata kwenye kila simu si la baridi wala la chakula, ni hili: "Si uko Ulaya, sasa unashindwaje kufika London wikiendi ukamsalimie mjomba?" Ukijibu kwamba London nahitaji viza ila Uswisi naenda na tramu na mara nyingi hakuna anayeniuliza kitu, mtu anaona unamkwepa mjomba tu. Ila ndo ukweli wenyewe. Hiyo Ulaya tunayoisema kama vile ni nchi moja haipo, kuna makundi kadhaa ya nchi yamelaliana kama kanga zilizokunjwa ovyo, pindo la hii limetokeza huku, la ile limeishia kule, nchi moja unaikuta kwenye kundi hili halafu kwenye lile haimo, na kila unachotaka kufanya, kuingia, kufanya kazi, kupitisha mzigo, kulipa, hata kupiga simu, kina kundi lake.

Mimi nakaa Ujerumani kusini kabisa, kwenye kona ya mto Rhine ambapo Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zinakutana, kwa hiyo haya mambo nayaona kila wiki. Tramu namba 8 inatoka katikati ya jiji la Basel, Uswisi, inavuka na kuishia Weil am Rhein, Ujerumani, imefanya hivyo tangu 2014. Namba 3 inaenda Saint-Louis, Ufaransa. Namba 10 ndo kiboko, inatoka Uswisi, inakatiza kijiji cha Leymen ambacho ni cha Ufaransa, halafu inarudi Uswisi kana kwamba hakuna kilichotokea. Na uwanja wa ndege ambao watu wa Basel wanauita wa kwao umejengwa kwenye ardhi ya Ufaransa.

Sasa njoo Jumamosi uone hiyo namba 8. Waswisi wanavuka kuja kununua vitu upande wa Ujerumani kwa sababu kwao bei ni kichaa, nyama hasa, na sabuni na dawa za meno na nepi za watoto. Kwenye kaunta ya supamaketi keshia anauliza kama unataka karatasi ya kijani, na ukiwa nyuma ya Waswisi watatu wenye matoroli yaliyojaa basi tulia tu, maana hiyo karatasi inajazwa, inaenda kugongwa muhuri na watu wa forodha wa Ujerumani pale mpakani, na mteja akija tena dukani anarudishiwa VAT yake ya Ujerumani, ilimradi manunuzi yamezidi yuro 50. Huku upande wa pili Uswisi nayo ina masharti yake, nyama fresh ni kilo moja kwa kila mtu bila ushuru, na mzigo ukizidi faranga 150 kwa mtu kwa siku unalipa VAT ya Uswisi (mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa faranga 300, wakaikata nusu ili watu wanunue nyumbani). Kwa hiyo utakuta familia imesimama kituoni inagawana mifuko, baba kilo yake, mama kilo yake, watoto kilo zao, yule mdogo kabisa ambaye hata meno hajaota naye ana kilo yake ya steki.

Hapo ndo pa kuanzia kuelewa. Uswisi ipo Schengen, yaani kundi la nchi zilizoondoleana ukaguzi wa watu mipakani, kwa hiyo watu wanapita. Lakini haipo kwenye umoja wa forodha wa Ulaya, kwa hiyo bidhaa zinakaguliwa. Mtu anapita, nyama inasimamishwa. Ni mambo mawili tofauti kabisa ila sisi kwenye kichwa tunayaita yote "mpaka".

Schengen yenyewe ni kijiji cha Luxembourg, kando ya mto Moselle. Juni 14, 1985 wakubwa wa nchi tano, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, walisaini makubaliano wakiwa kwenye meli ya abiria mtoni pale, meli inaitwa Princesse Marie-Astrid. Wakati huo jumuiya ya Ulaya ilikuwa na nchi 10, yaani nusu yake tu ndo ilisaini, kwa hiyo Schengen haikuzaliwa kama mradi wa Umoja wa Ulaya, ilizaliwa pembeni. Na msukumo wala haukuwa undugu sana, mwaka mmoja kabla, 1984, madereva wa malori walichoka na foleni za forodha wakaziba barabara mipakani, viongozi wakaona hapa biashara inakufa. Aliyewahi kulala Tunduma na lori la mzigo atawaelewa wale madereva bila maelezo. Vizuizi vyenyewe vilikuja kuondolewa Machi 1995, na Schengen ikaingizwa rasmi ndani ya sheria za Umoja wa Ulaya mwaka 1999.

Leo hesabu iko hivi: Umoja wa Ulaya una nchi 27, Schengen ina 29, na yuro inatumiwa na wanachama 21 baada ya Bulgaria kuingia Januari 1, 2026. Ukiangalia hizo namba tu unajua hazilingani. Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein zipo Schengen lakini si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Norway waliulizwa kwa kura mara mbili, 1972 na 1994, mara zote wakasema hapana. Waswisi mwaka 1992 walikataa hata kile kikundi cha soko cha jirani na Umoja, tena kwa kura chache mno, halafu 2005 wakaikubali Schengen, yaani tunataka kutembea kwenu ila msituamulie mambo yetu. Uswidi wapo Umoja wa Ulaya lakini yuro waliikataa kwa kura 2003, Denmark walishaikataa 2000. Halafu kuna Kosovo na Montenegro ambazo si wanachama wa Umoja ila pesa yao ni yuro, hawakuruhusiwa rasmi na mtu, wanaitumia tu. Mtu akikwambia "nchi za yuro" akimaanisha Ulaya yote mwache amalize kuongea.

Wala tusiwacheke. Ile viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki wanayo Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo, na wote tuko Jumuiya moja. Mzungu akitoka Nairobi na hiyo viza akafika Namanga anaanza upya, na anatoa macho vilevile kama sisi tunavyotoa macho huku.

Simu nayo ina kundi lake. Tangu Juni 2017 ukiwa na laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya unatumia bando lako Umoja mzima bila makato ya ziada, na Norway, Iceland na Liechtenstein zimo. Uswisi haimo kwenye hiyo sheria, mtandao wako ukitaka unaiweka kwenye bando, usipotaka haiweki. Sasa sisi wa hapa kona tunaishi mita chache kutoka minara ya Uswisi. Jamaa yangu mmoja alikaa barazani kwake, Ujerumani, hajavuka popote, anaangalia mpira kwenye simu, simu ikajishika kwenye mnara wa ng'ambo, bili iliyokuja ilimfanya anyamaze siku nzima. Wenyeji wote hapa romingi wanaizima na simu wanaichagulia mtandao kwa mkono, ni kitu cha kwanza wanakufundisha ukihamia.

Turudi kwenye viza, maana ndo swali la wengi. Viza ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote 29 kwa pamoja, siyo 90 Ufaransa halafu 90 nyingine Italia kama wanavyodanganyana watu. Na hizo 180 hazianzi Januari, kila siku unayoamka unahesabu kurudi nyuma siku 180, ukikuta umeshakaa 90 basi zimeisha. Tuseme bibi anakuja kumsaidia binti yake aliyejifungua, ameingia Machi 1, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, siku yake ya mwisho ni Mei 29. Akitaka kurudi anasubiri mpaka Agosti 28, hata kama viza kwenye pasipoti inasema ni ya mwaka mzima. Zamani watu walitegemea muhuri uliofutika na askari mvivu, lakini tangu Oktoba 12, 2025 wameanzisha mfumo wa kumtambua kwa alama za vidole na picha ya uso kila mgeni wa muda mfupi anapoingia na kutoka, mihuri inaondolewa, na kompyuta ndo inahesabu siku. Haina huruma wala haisahau.

Maombi unapeleka kwa nchi utakayokaa zaidi, siku zikilingana unapeleka kwa ile utakayoingia nayo kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Ule ushauri wa mtaani wa kuomba kwa nchi "rahisi" halafu unaenda unakotaka ni mbaya, kwa sababu pale uwanja wa ndege askari ana haki ya kukuuliza hoteli yako iko wapi na umekuja kufanya nini, na viza hata ikiwa halali anaweza kuifuta palepale na kukurudisha. Kutembelea nchi nyingine hakuna shida hata kidogo, shida ni kudanganya safari yenyewe.

Mtego mwingine ni viza ya kuingia mara moja. Mtu katua Amsterdam, anayo pia viza ya Uingereza, kaenda London siku tatu, akirudi anakuta mlango umefungwa, kwa sababu alivyotoka Schengen ile mara moja yake ilishatumika. Ireland ndo inawachanganya zaidi, maana wao ni wanachama wa Umoja wa Ulaya na wanatumia yuro, kwa hiyo mtu anajiaminisha kwamba viza yake inafika Dublin. Haifiki. Ireland ilibaki nje ya Schengen kwa sababu ina mpango wake wa zamani na Uingereza wa watu kupita huru, na ingeingia Schengen ingebidi ijenge ukaguzi kwenye mpaka wake na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, mpaka ambao umemwagiwa damu vya kutosha na hakuna anayetaka kuona vizuizi vikirudi. Matokeo yake ni kwamba ukiwa Belfast, huko Kaskazini, unapanda basi unafika Dublin mara nyingi hujaona askari yeyote, lakini sheria ya viza ipo palepale, wakikukuta huna uko matatani. Mpaka usioonekana siyo mpaka usiokuwepo, hasa kwa mwenye pasipoti kama ya kwetu.

Sisi tunaokaa huku na vibali nasi tuna mkanganyiko wetu. Kibali changu cha Ujerumani kinaniruhusu kutembea Schengen yote kwa utaratibu uleule wa 90 kwa 180, lakini kuishi na kufanya kazi ni Ujerumani tu. Raia wa Umoja wa Ulaya ndo ana haki ya kuhamia nchi nyingine akatafuta kazi, mimi sina. Nimekutana na vijana wenye makaratasi halali kabisa ya Italia wanabeba matofali Ujerumani bila mkataba, wakiamini kwamba Schengen ni Schengen, halafu mwajiri anajua vizuri sana kwamba haiko hivyo ndo maana anawalipa anavyotaka na mwezi mwingine hawalipi. Baada ya miaka mitano unaweza kuomba kibali cha mkaazi wa muda mrefu cha Umoja wa Ulaya, hicho kinafungua milango kiasi, japo Denmark na Ireland hazimo kwenye mpango huo, na ukifika nchi nyingine bado unaomba kibali cha kule.

Halafu siasa. Kanuni za Schengen zinaruhusu nchi kurudisha ukaguzi wa mipaka ya ndani kwa muda kama kuna tishio. Hilo neno muda limevutwa sana. Ufaransa ilirudisha ukaguzi Novemba 2015, wakati wa mashambulizi ya Paris, na imekuwa ikiongeza muda tangu hapo. Ujerumani ilianza na baadhi ya mipaka, mpaka huu wetu wa Uswisi uliingia Oktoba 2023, halafu kuanzia Septemba 16, 2024 ikaweka kwenye mipaka yote ya nchi kavu, wiki mbili tu baada ya AfD, chama kinachopinga wahamiaji, kushika namba moja kwenye uchaguzi wa jimbo la Thuringia. Sababu iliyotajwa ni wahamiaji na usalama, na kweli kulikuwa na shambulio la kisu Solingen mwezi Agosti, lakini kalenda ya uchaguzi nayo ina macho. Kwa msafiri maana yake ni hii, basi la usiku linasimamishwa kwenye maegesho barabara kuu, taa zinawashwa, askari wawili wanapita kati ya viti, na mimi sijawahi kuona wanamruka abiria mweusi hata akiwa amelala fofofo, wakati mabinti wa Kizungu waliojifunika blanketi wanaachwa waote ndoto zao. Pasipoti na kadi ya kibali tembea navyo, hata kama unaenda kununua viatu tu ng'ambo ya mto.

Na kura ya turufu ni kitu kingine. Kuingiza nchi mpya Schengen lazima nchi zote za Umoja wa Ulaya zilizomo zikubali. Romania na Bulgaria zilishatimiza masharti muda mrefu, Desemba 2022 Croatia ikapitishwa na kuingia Januari 2023, lakini hizo mbili Austria ikazizuia kwa hoja ya wahamiaji, Uholanzi nayo ikaikatalia Bulgaria kwa hoja ya rushwa na utawala wa sheria. Malori ya Waromania yakaendelea kupanga foleni mpakani na Hungary. Viwanja vya ndege na bandari vikafunguliwa Machi 2024, barabara na reli Januari 1, 2025. Nchi moja ikisema hapana inatosha, na serikali yenye uchaguzi mgumu nyumbani inajua hiyo hapana ina bei gani.

Kabla sijasahau, usichanganye Umoja wa Ulaya na Baraza la Ulaya. Yote mawili yana majengo Strasbourg, saa moja na ushee kwa treni kutoka Basel, tena ya jirani, na bendera ni ileile ya nyota 12 (Baraza ndo lilianza nayo 1955, Umoja ukaichukua miaka ya themanini). Baraza ni la 1949 na lina nchi 46, Uturuki imo, Uingereza imo, Urusi ilifukuzwa Machi 2022. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iko chini ya Baraza, siyo Umoja. Ndo maana Juni 2022, ndege ya Uingereza ya kupeleka waomba hifadhi Rwanda ilipozuiwa dakika za mwisho na mahakama ya Strasbourg, watu wengi Afrika Mashariki waliuliza Ulaya inamzuiaje mtu aliyeshajitoa Januari 2020. Alijitoa kundi moja, lile lingine yumo mpaka leo. Mpango wenyewe ulikuja kukataliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Novemba 2023, na serikali ya Labour ikautupa ilipoingia 2024.

Mwisho niseme la karibu na nyumbani, ambalo wengi wetu hatuliwazi. Umoja wa Ulaya upo pia Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Mayotte ni kimoja kati ya visiwa vinne vya Komoro, kwenye kura ya 1974 wenzao walitaka uhuru, wao wengi wakataka kubaki na Ufaransa, Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975 na Mayotte ikabaki. Machi 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, 2014 ikawa sehemu rasmi ya Umoja wa Ulaya. Dukani Mamoudzou unalipa yuro, ukimsikiliza mwenyeji akiongea Kishimaore kuna maneno utayadaka bila kufundishwa, wengi wao ni Waislamu, na kisheria hiyo ni Ulaya kuliko Uswisi ilivyo Ulaya. Lakini haipo Schengen. Viza ya kwenda Paris haikufikishi Mayotte, ya Mayotte inaombwa peke yake, na kwa miaka mingi kibali cha kuishi kinachotolewa kule kimekuwa hakimruhusu mwenye nacho kuhamia Ufaransa bara mpaka apate idhini nyingine. Kutoka Anjouan mpaka Mayotte ni kama kilomita 70 za maji. Watu walikuwa wanavuka kwenda sokoni, kuoa, kuzikana, mpaka 1995 Ufaransa ilipoweka viza kwa Wakomoro, na tangu hapo wanavuka usiku kwa vile viboti wanavyoviita kwasa-kwasa, na wengi wamezama. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja Mayotte anapiga kura kuchagua wabunge wa Umoja wa Ulaya wa kule Strasbourg, mwenzake Anjouan anahitaji viza kuhudhuria msiba.